Kwa nini malokwati ya mlimani ni makubwa na yana maji, na ya uani kwangu ni madogo na makali?

"Shikamoo mtaalamu. Kila msimu nanunua malokwati yanayotoka milimani. Ni makubwa kama yai la kuku, na ukilimenya moja maji yanakutiririka mkononi. Miaka mingi iliyopita nilichukua mbegu za tunda lililonipendeza sana nikazipanda uani. Mti umekua vizuri na unazaa kupita kiasi, lakini matunda ni madogo, ndani ni mbegu tupu, nyama ni nyembamba na kali. Nimejaribu kuyachuma yakishakuwa ya manjano na kuyafungia kwenye mfuko pamoja na ndizi mbivu ili yaive, yakaishia kusinyaa. Jirani mmoja anasema siri ni udongo wa mlimani. Mwingine anasema yale makubwa yamepigwa dawa ya kunenepesha. Je, naweza kupata matunda kama yale hapa nyumbani, au niukate tu huu mti? Na jambo la mwisho: mwanangu mdogo humeza mbegu zake. Kuna hatari?"

Marahaba. Naona umechoka kuubembeleza mti usiokulipa, na nitajitahidi nisikuache na jibu la nusu. Lakini naanza na mtoto, kwa sababu hilo halisubiri msimu.

Mbegu ya lokwati ina amigdalini, kemikali ile ile iliyomo kwenye mbegu za tufaha na kokwa za pichi. Mbegu ikimezwa nzima kwa kawaida hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Inapotafunwa au kusagwa ndipo mambo hubadilika, maana amigdalini hukutana na vimeng'enya vya mbegu yenyewe na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Mtoto aliyemeza mbegu moja nzima na anaendelea kucheza, mwangalie tu. Aliyetafuna mbegu kadhaa, au aliyeanza kutapika, kulalamikia kichwa, kupata kizunguzungu au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa watoto wadogo sana hatari iliyo karibu zaidi ni kukabwa, kwa kuwa mbegu inateleza na ukubwa wake unatosha kuziba koo. Mmenyee tunda, toa mbegu zote pamoja na ile ngozi nyembamba inayozizunguka, ndipo umpe. Na kama kuna mtu amekushauri usage mbegu hizo ziwe unga wa dawa, usimsikilize. Japani lokwati ni tunda la kale na linalopendwa, lakini Wizara ya Kilimo ya huko imewatahadharisha wananchi wasile unga wa mbegu zake.

Sasa tuje kwenye mlima. Jirani yako wa kwanza hajakosea kabisa, ila sifa ameipa udongo wakati udongo si mhusika mkuu. Mlokwati hauchagui sana udongo. Huota kwenye kichanga na hata kwenye mfinyanzi, mradi maji yasituame kwenye mizizi. Mteremko husaidia hapo, kwa kuwa maji ya mvua hayakai. Kinacholeta ukubwa na wingi wa maji ndani ya tunda, tukiacha aina ya mti ambayo nitaifikia, ni ubaridi wa hewa na muda ambao ubaridi huo unalipatia tunda.

Mti huu ni wa jamii ya waridi, pamoja na tufaha na pea, lakini kalenda yake ni ya kinyume. Tufaha hutoa maua baridi inapoisha na kuiva miezi ya joto au baada yake. Mlokwati, katika nchi za kaskazini zenye majira manne, hutoa maua kati ya Oktoba na Januari, hubeba vitunda vyake vichanga katika miezi ya baridi, kisha huivisha kuanzia Aprili hadi Juni. Kusini mwa dunia miezi hugeuka, mpangilio unabaki ule ule. Kwa hiyo lokwati hufika sokoni wakati miti mingine mingi ya matunda ndiyo kwanza imemaliza maua, na watu wamekaa muda mrefu bila kuonja tunda jipya. Nadhani hiyo nayo ni sehemu ya mvuto unaoupata kila msimu.

Katika miezi ile ya baridi kitunda huonekana kama kimelala. Kwa ndani kuna kazi kubwa: seli zinagawanyika na mbegu zinajijenga. Joto likianza kupanda, seli zile hujaa maji na sukari, asidi hupungua, na tunda hunenepa kwa kasi katika wiki za mwisho. Mlimani, usiku wenye ubaridi wa kiasi hurefusha kipindi hicho, hivyo majani hupata siku nyingi zaidi za kulilisha tunda. Tena usiku wa baridi mti hutumia sukari kidogo kwa kupumua, na inayobaki huenda kwenye tunda. Bondeni penye joto mambo huenda mbio. Tunda hugeuka rangi kabla halijajaa, na joto la nyuzi 35 na zaidi huweza kulibabua ngozi, hasa kwenye aina zenye nyama nyeupe. Karibu na ikweta tofauti hii huwa kubwa zaidi. Nyanda za juu mlokwati huzaa vizuri, ilhali kwenye tambarare zenye joto mwaka mzima mara nyingi huota majani ya kupendeza na kuzaa kidogo, au kutozaa kabisa.

Hata hivyo usidhani kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyokuwa bora. Mti wenyewe ni mstahimilivu, unaweza kupona kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini mazao yake hayana ustahimilivu huo. Kitumba cha ua hufa kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, na kitunda kichanga huharibika mapema zaidi, kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri. Wakulima wa maeneo yenye jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, wana namna ya kujua hasara yao. Siku chache baada ya usiku mbaya hukipasua kitunda katikati. Kwa nje bado ni cha kijani na manyoya yake yapo, huwezi kukitilia shaka. Ndani, mbegu iliyopaswa kuwa nyeupe imegeuka kahawia. Mbegu ikishakufa, kitunda kitaanguka au kitabaki kidogo. Na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hushuka usiku na kutuama mabondeni, kwa hiyo mahali pazuri huwa ni katikati ya mteremko.

Ukiangalia maeneo yaliyojijengea jina kwa malokwati utaona jambo hilo hilo. Si vilele vya milima, ni miteremko yenye maji mengi jirani. Kuna vilima vya Dongting kwenye Ziwa Tai, karibu na Suzhou nchini China. Kuna Mogi huko Nagasaki, inayotazama bahari. Kuna Callosa d'en Sarrià mkoani Alicante, Hispania, ambako milima imezunguka na bahari haiko mbali. Maji mengi hupoa polepole, na hilo huzuia baridi ya usiku isiwe kali kupita kiasi.

Hapo hapo nikuondolee jambo lingine: ukubwa na utamu havitembei pamoja siku zote. Malokwati meupe ya Dongting ni ya umbo la wastani tu, lakini ngozi yake ni nyembamba na nyama inayeyuka mdomoni, na wanaoyajua huyatafuta kuliko makubwa. Upande wa pili kuna aina iitwayo Jiefangzhong, kutoka Putian mkoani Fujian, ambayo tunda moja hufika gramu 70 na kuzidi. Nikiambiwa nichague kati ya lokwati jeupe la wastani lililoivia mtini na kubwa la rangi ya chungwa lililochumwa mapema ili lisafiri, nachukua la kwanza bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu dawa ya kunenepesha, ukweli uko katikati. Viamilishi vya ukuaji vipo, na kwenye baadhi ya mashamba makubwa hutumika kupunguza idadi ya vitunda, kuongeza ukubwa, au kupata matunda yasiyo na mbegu. Lakini ukubwa peke yake si ushahidi wa dawa, na kwa jicho huwezi kutofautisha. Yapo malokwati makubwa mno ambayo hayajaguswa na chochote zaidi ya mkasi wa mkulima. Huo mkasi ndio unaonileta kwenye mti wako.

Mti wako una matatizo mawili tofauti, na ni muhimu usiyachanganye, kwa sababu moja lina tiba ya msimu mmoja na la pili halina.

La kwanza ni asili yake. Mbegu haibebi nakala ya tunda ulilolipenda. Ua lile lilipata chavua, huenda kutoka mti mwingine kabisa, na kila mbegu ikapata mchanganyiko wake. Mbegu nne za tunda moja zinaweza kukupa miti minne yenye matunda manne tofauti. Bahati njema hutokea. Katika karne ya 19 msomi wa Kijapani Tanaka Yoshio alipanda mbegu za lokwati kubwa alilolipata Nagasaki, na kati ya miche hiyo ikatoka aina inayoitwa Tanaka hadi leo, inayopandwa nchi nyingi. Lakini miche mingi ya mbegu huzaa matunda madogo yenye mbegu nyingi, tena baada ya kusubiri miaka minane au kumi. Yale makubwa unayonunua yanatoka kwenye miti iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kijiti cha mti mwingine, ambayo kila mmoja ni nakala ya mti mmoja mzuri uliochaguliwa.

La pili ni wingi. Umesema unazaa kupita kiasi, na uliposema hivyo ulitaja nusu ya ugonjwa. Kichala kimoja cha mlokwati huweza kuwa na maua 30 hadi 100. Yakishika matunda 20, sukari inayotengenezwa na majani ya tawi lile inagawanywa mara 20. Ni sufuria moja ya uji kwa watoto 20: kila mmoja atalamba, hakuna atakayeshiba. Na lokwati likikosa chakula halipunguzi mbegu, linapunguza nyama. Ndiyo maana ukilipasua unakuta mbegu tatu au nne kubwa zimebanana na nyama kidogo imezizunguka.

Wakulima wa malokwati makubwa hupunguza mapema na bila huruma. Kwanza hukata sehemu ya vichala vyenyewe ili tawi lisibebe vingi. Kisha kwenye kila kichala kinachobaki huacha matunda manne au matano, na kwa aina kubwa sana hata matatu au mawili. Kazi hii hufanywa vitunda vikiwa na ukubwa wa punje ya maharage, hatari ya jalidi ikiwa imepita kama mahali pako pana jalidi. Ukichelewa, seli zimeshamaliza kugawanyika, na tunda linaweza kunenepa kidogo tu. Chukua mkasi mdogo wenye ncha. Shika kichala kwa mkono mmoja, ondoa kwanza vilivyopinda, vyenye makovu na vile vilivyo kwenye ncha kabisa, bakiza vilivyonyooka ambavyo havigusani. Utaona umetupa chini vingi kuliko ulivyobakiza, na moyo utakuuma. Endelea. Wengi wakishamaliza huvika kila kichala mfuko wa karatasi, unaokinga jua kali, ndege na nzi wa matunda kwa pamoja.

Wiki za mwisho mti unahitaji maji ya kutosha na ya mfululizo. Ukiuacha ukauke kisha ukaumwagilia kwa wingi siku moja, matunda yatapasuka. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo itakuletea majani kuliko utamu. Na ukipogoa, pogoa mara tu baada ya kuchuma, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi. Anayepogoa miezi kadhaa baadaye anakata mazao ya msimu unaofuata bila kujua.

Kuhusu ndizi na mfuko: mbinu hiyo inafaa kwa parachichi na embe, kwa lokwati haifai. Embe na ndizi huchumwa zikiwa na akiba ya wanga, na gesi ya ethilini huamsha kazi ya kuugeuza wanga huo kuwa sukari hata zikiwa kabatini. Lokwati lililokaribia kuiva halina akiba hiyo. Sukari yake inatoka mtini siku hadi siku, na ukikata kikonyo umefunga bomba. Ukali unaweza kupungua kidogo likikaa, lakini utamu hauongezeki, na maji yanaendelea kutoka kupitia ngozi. Ndiyo yale makunyanzi uliyoyaona. Kibaya zaidi ni kwamba rangi ya manjano hutangulia utamu kwa siku kadhaa, hata wiki na zaidi, kwa hiyo anayechuma kwa kuangalia rangi tu huwahi karibu kila mara. Inawezekana kabisa kwamba hujawahi kuonja tunda lililoiva la mti wako mwenyewe.

Subiri hadi rangi ikolee na kuenea mpaka kwenye shingo, pale tunda linapoungana na kikonyo, pasibaki kijani hata kidogo. Libonyeze kwa upole, linapaswa kubonyea kidogo. Onja moja kabla ya kuchuma mengine, maana kichala hakiivi chote kwa siku moja. Kata kikonyo kwa mkasi na ukiache kwenye tunda. Ukilivuta, ngozi huchanika na nyama hugeuka kahawia ndani ya muda mfupi. Unaponunua tumia dalili zizo hizo, na utazame manyoya mafupi, laini, yaliyo juu ya ngozi. Yakiwepo, tunda halijashikwashikwa. Yakiwa yamefutika na kuacha mabaka yanayong'aa, limepita mikono mingi, na siku moja mbele utaona michubuko. Kula ndani ya siku chache. Kwenye jokofu linaweza kwenda wiki moja au mbili, ila usiliweke sehemu yenye baridi kali zaidi. Aina za nyama ya rangi ya chungwa zikikaa karibu na nyuzi sifuri hutengeneza lignini, ile ile inayoupa mti ugumu wake, na nyama iliyokuwa na maji huwa ngumu na kavu.

Je, uukate? Msimu huu usiukate. Punguza nusu ya mti kama nilivyoeleza, nusu nyingine iache ilivyo, kisha acha matunda yaive kabisa pande zote mbili na uyaonje. Yakiwa makubwa zaidi na matamu upande uliopunguza, umepata ulichokuwa unatafuta kwa gharama ya mkasi. Sikuahidi ukubwa wa yai, kwa kuwa asili ya mti ina mpaka wake, ila tofauti itaonekana. Yakibaki makali hata yakiwa yamelainika kwenye kichala chenye matunda manne, basi ni asili, na hapo ubebeshe. Mizizi na shina ulivyo navyo ni mali, usivitupe. Vijiti hutolewa kwenye mti wa aina inayojulikana, ambao matunda yake umeyala, na huunganishwa kwenye matawi makubwa yaliyokatwa. Usikate matawi yote kwa mara moja. Acha moja au mawili yaendelee kulisha mizizi, na paka chokaa shina lililobaki wazi ili jua lisiliunguze. Ukifanikiwa, utaanza kuonja matunda ndani ya miaka miwili au mitatu. Kung'oa na kupanda mche mpya uliobebeshwa kuna maana pale tu mti ni mgonjwa au umepandwa mahali pabaya. Na kama unaishi kwenye joto la mwaka mzima, hata mche bora hautakupa lokwati la mlimani. Hapo ningekushauri ubaki nao kwa kivuli na uendelee kununua msimu ukifika.

Kubebesha mti mkubwa kwa mara ya kwanza si kazi ya kujifunzia peke yako. Mtafute afisa ugani au mtu wa kitalu aliyewahi kuifanya, akuoneshe tawi la kwanza, mengine utamalizia mwenyewe. Ukiona ngozi ya midomo inakuwasha au koo linakukereketa kila ulapo malokwati, hasa kama tufaha au pichi hukufanyia hivyo pia, acha kula na umwone daktari, kwa kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja na mzio wa mmoja huweza kuhamia kwa mwingine.

Na kuna dalili moja ya mti ambayo haingoji hata siku mbili. Maua na ncha za matawi zikinyauka ghafla, zikawa nyeusi na kupinda, majani yakibaki yamening'inia kama yaliyounguzwa na moto, inaweza kuwa ni bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Anashambulia matufaha na mapea vilevile, na anaweza kuua mti mzima. Usipogoe, usitoe vijiti vya kubebeshea, wala usibebe tawi kulipeleka ofisini. Piga picha, kisha mwite afisa ugani aje auone mti pale ulipo. Kama umeshaugusa kwa mkasi, ufute kwa spiriti kabla haujagusa mti mwingine wowote.